Chipu Iliyoganda Nyamira

Dada yangu mkubwa, Mungu amrehemu, aliuza vitambaa mjini Kisii tangu usichana wake mpaka ugonjwa ulipomlaza, na hadi siku ya mwisho aliamini kwamba kazi yangu ni kutengeneza simu. Wateja wake waliamini hivyo hivyo. Jumamosi nikishuka kutoka Nyamira kumtembelea dukani, nakuta kikapu kinanisubiri nyuma ya kaunta: simu zilizotumbukia chooni, redio zilizokufa, na siku moja pasi ya umeme. Nikisema sijui kutengeneza simu, watu wanatazamana. Binti amesoma mpaka ng'ambo na simu hajui! Ile pasi niliitengeneza, kulinda heshima ya familia.

Kwa hiyo, vijana mnaoingia kazi hii, zoeeni mapema kutoeleweka nyumbani. Mimi niliudhika miaka mingi na haikunisaidia kitu.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya chipu moja, ule ubongo wa simu au kompyuta, kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho, mna vyumba vingi. Kimoja kinapokea sauti, kingine kinapiga hesabu, kingine kinatunza kumbukumbu. Vyumba hivyo lazima vipelekeane habari. Chipu nyingi zina saa moja inayowapigia wote kama kengele ya shule, na hakuna anayesogea mpaka ilie. Sisi tulikuwa katika lile kundi dogo la wakaidi wasiotaka kengele. Tulisanifu njia za mawasiliano ambazo kila chumba kinamwambia mwenzake "nina mzigo," mwenzake anajibu "nimepokea," basi, wanaendelea kwa mwendo wao wenyewe. Asiye na kazi analala, na akilala hamalizi betri. Hiyo ndiyo faida. Hasara nitawaeleza pia, maana ndiyo iliyoninyoa bila maji.

Ofisi yetu ilikuwa Nyamira mjini, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Tulikuwa watu sita. Mwenye ofisi alikuwa Mzee Nyaundi, mhandisi aliyefanya kazi nje miaka mingi, akarudi akisema amechoshwa na baridi, halafu akafungua ofisi Nyamira, mahali ambapo mwezi wa saba tunavaa koti juu ya koti. Wateja wetu walikuwa ng'ambo. Walituandikia wanachotaka, tukasanifu, tukajaribu kwenye kompyuta, tukawarudishia michoro, nao wakaipeleka kiwandani. Baada ya miezi kadhaa chipu yenyewe ilitufikia kwenye kijipakiti. Nimefungua vijipakiti vingi na sikuzoea hata siku moja.

Nyaundi ndiye aliyenifundisha. Nilipoanza kwake nilikuwa na haraka, na mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na kasoro ambayo kila mgeni wa kazi hii huifanya: chumba kilichotuma habari kilikuwa kinaiondoa njiani mara tu kinapobisha, bila kungoja mwenzake aseme amepokea. Kwenye kompyuta yangu ulifanya kazi vizuri. Nyaundi aliutazama. Akamimina chai kwenye kikombe kisicho na mkono, akaninyooshea. Nilipoinua mkono kupokea, akaachia. Chai yote ikaniingia viatuni.

"Umeona?" akasema. "Hiyo ndio umechora."

Akamimina ya pili. "Sasa fanya pole pole. Mimi nanyoosha. Wewe unashika. Mimi naachia. Wewe unavuta kwako. Hatua ni nne. Ukiruka moja, kuna mtu ataungua."

Nimefundisha hatua hizo nne watu wengi tangu siku ile, na sikumwagia mtu chai, ingawa kuna wachache waliostahili. Mkichora njia yoyote isiyo na saa, wekeni kidole kwenye mchoro mfuate kikombe. Nani amekishika sasa? Nani ameachia? Mkikuta mahali ambapo wote wawili wameachia, au wote wawili wameshika, simameni hapo hapo.

Jambo lingine linalowasumbua vijana ni mwamuzi. Njia mbili zinapoingia katika moja, lazima kiwepo kifaa kidogo cha kuamua nani atangulie, na sisi tulikiita mwamuzi. Wenye mizigo wakifika mmoja baada ya mwingine, hana shida. Wakifika pamoja kabisa, anasita, na hakuna anayeweza kukuambia atasita kwa muda gani. Kwa kawaida ni kufumba na kufumbua. Lakini ukiulizwa muda wa juu kabisa, jibu la kweli ni kwamba haupo. Mteja mmoja aliniuliza swali hilo mara tatu kwa barua, kila barua kali kuliko iliyotangulia, mpaka nikataka kumbunia namba anyamaze. Nyaundi akanikataza.

"Rukia, wewe na pasta mkifika kwa mlango pamoja, yeye anasema pita, wewe unasema yaya, hapana, pita wewe. Mtasimama hapo muda gani?"

"Sijui."

"Hakuna mwenye anajua. Na umewahi sikia watu walilala hapo?"

Tulimwandikia mteja hivyo, kwa maneno ya adabu zaidi. Ushauri wangu ni huu: msimharakishe mwamuzi. Akilazimishwa kujibu kabla hajawa tayari, anatoa jibu nusu, na jibu nusu likiingia ndani ya chipu litawasumbua mpaka mzeeke. Mwacheni amalize. Hakuna kengele inayowasubiri.

Mambo yamebadilika sana. Nilipoanza, tulichora kwenye karatasi ndefu tukazibandika ukutani, na aliyefungua dirisha bila kutoa taarifa alichukiwa wiki nzima. Stima ilipopotea, hesabu za siku tatu zilipotea nayo. Baadaye tukapata betri kubwa za akiba, halafu tukaanza kutumia kompyuta zilizo mbali kupitia mtandao, na stima ikipotea Nyamira kazi inaendelea huko huko iliko, sisi tunakunywa chai gizani kama wageni. Siku hizi kuna programu inayokuchorea njia zote asubuhi moja. Sina ugomvi nayo. Inafanya haraka kuliko mimi na haihitaji miwani. Ila haitakuuliza, "Una hakika?" Ukiiambia jambo la kipumbavu, inalifanya kwa usafi mkubwa. Swali hilo lazima litoke kwa mtu aliyekaa karibu nawe, na hapo ndipo ninapofika kwenye kisa nilichokusudia kuwasimulia.

Nyaundi alikuwa na sharti moja ambalo hakuruhusu mtu alivunje: ombi na jibu visipite njia moja. Sababu yake ni rahisi. Chukua chumba cha kumbukumbu. Kinapokea maombi, kinatoa majibu. Ikiwa vyote vinatumia njia moja, na njia ikajaa maombi, kumbukumbu haiwezi kupokea ombi jingine mpaka itoe jibu, na haiwezi kutoa jibu kwa sababu njia imejaa maombi. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Kwa kuwa hakuna saa, hakuna kengele itakayolia kuwatawanya. Chipu haiungui wala haitoi moshi. Inaganda tu, kimya, na ukiitazama huoni chochote.

Sasa, tulipata kazi ya chipu ya kifaa cha kusaidia kusikia, kile kinachovaliwa sikioni. Betri yake ni ndogo kama punje ya dengu, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yetu hasa. Lakini mteja aliutaka mchoro uwe mdogo kuliko tulivyopanga. Mwaka huo macho ya Nyaundi yalikuwa yanamsumbua, akafanyiwa upasuaji, usanifu wote akaniachia mimi. Nikavunja sharti lake. Niliziunganisha njia mbili zikawa moja, nikaweka nafasi sita za kusubiri. Nilikuwa nimehesabu: maombi hayawezi kuzidi matano kwa wakati mmoja. Matano ndani ya nafasi sita, jibu daima lina pa kupenya. Hesabu ilikuwa sahihi, na nilijisifu kwamba nimempita mwalimu.

Baadaye mteja akaongeza maikrofoni ya pili. Niliiingiza kwenye mchoro kwa mkono wangu mwenyewe, Ijumaa moja, dakika chache kabla ya kwenda msikitini. Nikajiambia, nitahesabu upya Jumatatu. Jumatatu kukawa na jambo jingine. Hapo ndipo chipu ilipokufa, vijana, siku ambayo hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Aliyekuwa akijaribu michoro yetu kabla haijatumwa alikuwa Kerubo. Alikuwa msichana wa Birongo, upande wa kwao mama yangu, mwenye miaka ishirini na minane na mkataba wa mwaka mmoja. Alikuwa mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza, na alikuwa na tabia ya kurudia jaribio hata baada ya kufaulu. Mamake alifika ofisini siku moja na mkungu wa ndizi kutushukuru kwa kumpa binti yake kazi, akapanda nao ngazi zile mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Kazi yetu ina watu wachache duniani, na wanajuana. Jina la mjaribu likichafuka mahali pamoja limechafuka kote, wala hakuna ofisi nyingine Nyamira, Kisii au Nairobi itakayomtaka.

Kijipakiti kikafika Jumatatu. Nilikuwa nimebakisha miezi mitatu kustaafu. Tuliiweka chipu kwenye ubao wa majaribio, tukaipa sauti ya redio, ikafanya kazi vizuri mno, watu wakapiga makofi. Baada ya dakika kumi na moja ikanyamaza. Tukaizima, tukaiwasha, ikaenda saa mbili nzima. Mara ya tatu, dakika nne. Mteja naye alikuwa na zake, akaona yale yale. Kesho yake akaandika: Ijumaa saa tatu asubuhi tuzungumze kwa video, na anataka kuelezwa kasoro ni nini na nani aliyeipitisha.

Nyaundi alikuwa bado anavaa miwani meusi. "Andika ripoti," akaniambia. "Si ni Kerubo alipitisha?"

"Ni yeye," nikasema.

Lilikuwa jibu la kweli na nililitoa kama mwongo. Maana nilipoona tu kwamba chipu inaganda kwa nyakati zisizofanana, nilijua. Nilirudi mezani, nikahesabu nyuma ya bahasha. Maikrofoni moja, maombi matano. Maikrofoni mbili, saba. Nafasi sita. Nikaitia bahasha kwenye droo, nikaifunga.

Ningependa kuwaambia kwamba jibu nililipata Birongo, kwenye kituo cha kununulia majani chai, nikitazama wenye vikapu vilivyojaa na wenye vikapu vitupu wakizibiana njia getini. Ingekuwa hadithi nzuri, na watu wa vitabu wangeipenda. Si kweli. Nilijua tangu mwanzo wa wiki, na Jumatano nzima nilikaa ofisini nikila mandazi nisiyoyataka. Sherehe yangu ya kuagwa ilikuwa imepangwa mapema, mwisho wa mwezi ule ule. Keki ilikuwa imeshaagizwa, yenye jina langu. Wanangu walikuwa wameomba ruhusa kazini waje. Niliogopa. Nimetafuta neno zuri kuliko hilo kwa miaka kadhaa sasa na sijalipata. Niliandika ripoti mpaka mahali pa jina la aliyepitisha, nikaacha pengo, nikajidanganya kwamba pengo si uongo.

Alhamisi mchana, wenzetu walipokwenda kula, Kerubo alikuja mezani kwangu na karatasi.

"Madam, uko na dakika?"

"Kaa."

Hakukaa. "Nimepata mahali inagandia. Ni ile njia ya kuunganisha. Maombi ikifika saba, jibu haina pa kupita."

"Umepata leo?"

Akaitazama karatasi yake. "Kabla iende kiwandani."

Nikaweka kalamu chini.

"Ilitokea mara moja tu," akasema. "Nikarudia mara mia mbili, ikakataa kutokea tena. Nikakuuliza. Tulikuwa pale kwa ngazi. Nikasema, madam, na kama ile njia ijae?"

"Nikasema haiwezi kujaa."

"Ulisema, 'Kerubo, nilikuwa nachora hizi vitu kabla mama yako aolewe.'"

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata kwamba nililipenda neno lile, nikalirudia wakati wa chakula na watu wakacheka, Kerubo mwenyewe akiwa ameketi hapo na sahani yake ya mboga.

"Nikaandika barua," akaendelea, akaiweka karatasi mezani. "Nikueleze vizuri, na picha ya mahali iliganda. Sikutuma."

"Kwa nini hukutuma, mwanangu?"

"Ningetumia nani? Mzee alikuwa hospitali. Wewe ndio mkubwa. Na hata kwa umri wewe ni mama. Kwetu mtu hasimami akamwambia mamake amekosa. Nikasema labda mimi ndio sielewi." Akaisogeza ile karatasi kwangu. "Mimi sikuja kulaumu, madam. Andika vile unaona. Andika nilipitisha, hiyo ni kweli. Lakini usiandike sikujaribu. Nilijaribu."

Akaondoka. Aliniachia ile barua, ukurasa mmoja, mwandiko safi, yenye salamu mwanzoni na samahani tatu kabla ya kufika kwenye kasoro. Nikaisoma mara mbili. Yote niliyoyahesabu nyuma ya bahasha yalikuwamo, miezi mingi kabla yangu. Nililia kidogo, kisha nikaichukua ile bahasha kwenye droo nikaenda kwa Nyaundi.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuvua miwani. Kisha akauliza, "Na kesho utasema hivyo mbele ya mteja?"

"Nitasema."

"Hiyo sherehe sasa itakuwa ngumu."

"Keki walishaagiza," nikamwambia, na sote wawili tukacheka, ingawa hatukuwa na furaha.

Ijumaa tulikaa watatu mbele ya kompyuta: Nyaundi, mimi, Kerubo. Kwenye kioo walikuwa wanne. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, na yalipofika mdomoni yakawa machache. Niliunganisha njia ambazo hazikupaswa kuunganishwa. Nilipoongeza maikrofoni sikuhesabu upya. Niliulizwa kama njia inaweza kujaa, nikamnyamazisha aliyeuliza. Mmoja wa wale wanne akauliza, kwa upole, ikiwa basi majaribio hayakuweza kuiona kasoro hiyo.

Nilikuwa na njia ya kumwokoa Kerubo. Nikafungua kinywa kusema kwamba isingewezekana kabisa kuiona, kwamba mjaribu hana lawama hata chembe. Kerubo akatangulia.

"Niliona," akasema. "Mara moja. Sikusema."

Nilimwonea uchungu, nikamwonea na fahari, na nikataka kumziba mdomo, yote kwa pamoja. Yule mtu wa kwenye kioo akauliza kwa nini hakusema. Ni Nyaundi aliyejibu.

"Ofisi ni yangu," akasema, "na sikuweka mahali pa kusemea. Mkitafuta jina la kuandika, andikeni langu."

Wale wanne walizungumza wao kwa wao, sauti ikiwa imezimwa, tukiona midomo yao tu. Sauti ikarudi. Wakauliza kutenganisha njia tena kutachukua muda gani. Nyaundi akasema wiki sita. Wakasema, basi anzeni. Jina la mtu halikuulizwa tena.

Mchana, baada ya swala, nilirudi nikakuta Nyaundi amekwisha amua. Mkataba wa Kerubo ungeendelea. Tena, tangu siku ile, hakuna mchoro utakaotoka ofisini bila mjaribu kukubali, na akikataa, hata yeye Nyaundi hana ruhusa ya kumpita. Uongozi wa usanifu ningepokonywa. Kwa miezi yangu mitatu iliyobaki, michoro yangu ingepita mezani kwa Kerubo kama ya mtu mwingine yeyote.

Nilikasirika, sitawaficha. Wiki nzima nilisalimia watu kwa kidevu. Nilikuwa nimekiri mwenyewe, kwa hiari, na bado napewa adhabu! Nilitaka nipewe cheti cha uaminifu, nadhani. Sherehe niliifuta. Keki tukaila Jumanne moja na chai, bila hotuba, na jina langu alilila fundi wa mtandao aliyekuja kurekebisha waya.

Mchoro wangu wa kwanza Kerubo aliupokea kwa mikono miwili, akaurudisha baada ya saa moja. Haukuwa na alama hata moja. Nikashuku. Wa pili nikautega: kwenye ukurasa wa mwisho nikaacha jibu linatoka kabla ya ombi kufika, kosa la kuonekana kutoka barabarani. Ukarudi safi. Kosa halimo.

Nikaenda mezani kwake. "Kerubo, ukurasa wa mwisho."

"Niliona, madam. Nikarekebisha."

"Nani alikwambia urekebishe?"

Akainamisha kichwa.

"Ukiona kosa, nirudishie."

"Madam, hiyo ni kitu kidogo tu, mimi naweza—"

"Nirudishie."

Wa tatu aliurudisha na karatasi ndogo ya njano imebandikwa pembeni: *Samahani, labda uangalie hapa.* Wa nne akaandika bila labda. Wa tano bila samahani, ila alinisubiri nitoke kwenda kunawa, akauacha mezani, akakimbia. Nilikuwa nafanya kazi yangu, na juu yake nilikuwa na kazi hii ya pili, ngumu kuliko ya kwanza, ya kukaa nikiwa ninakosolewa bila kukunja uso. Sikuiweza vizuri. Mara nyingine uso ulijikunja wenyewe, nami namwona anarudi nyuma nusu hatua, na siku hiyo tumepoteza.

Zikiwa zimebaki siku tisa, nilimpelekea mchoro wa njia panda kuu, mahali ambapo njia zote za chipu mpya zinakutana. Nilikuwa nimeufanyia kazi siku nyingi. Ilikuwa saa nne, wakati wa chai, watu wote sita wamo, Nyaundi ameshika kikombe. Kerubo alisimama kwenye meza yake, akaja mpaka kwangu, karatasi mkononi, hakubandika chochote.

"Madam, hii hapana," akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Mwamuzi wako anaachia kabla huyu mwingine ashike. Rudia kutoka mwanzo."

Niliutazama mchoro. Kosa lile sikuwa nimelitega. Nikauchukua, nikavaa miwani yangu, nikarudia kutoka mwanzo.